Ufunguo Ukishatoka Mkononi
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wapo wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tunawaombea pumziko jema. Habari za hisa, mikopo na mgao amezisoma Katibu katika risala, mimi sirudii. Nimeomba nafasi hii niseme jambo moja tu, la kadi za benki.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuja kwangu jioni analia. Benki yake imemwambia kadi yake inafungwa, aende akachukue nyingine. Akasema, "Mama Mwenyekiti, hela zangu zimekwisha." Nikamwuliza, kuna hata shilingi iliyopungua? Hakuna. Sasa mbona kadi nzima inatupwa? Siku ile sikuwa na jibu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Nikaenda nikauliza, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jamani, kadi si hela. Kadi ni ufunguo. Hela ziko kwenye akaunti. Na ufunguo huu una ubaya wake: mwizi hana haja ya kuuchukua. Akipata zile namba zilizoandikwa juu yake, au akinakili ule utepe mweusi wa nyuma kwa kifaa alichokipachika kwenye mashine ya kutolea hela, basi naye anao wa kwake, na wako bado uko kwenye pochi. Ndiyo maana kadi za siku hizi zina kile kipande kinachong'aa, wanakiita chipu, ambacho ni kigumu kukinakili kuliko utepe. Benki ikishuku kwamba namba zako zimeonekana pasipostahili, haingoji uibiwe. Inaifunga kadi ile na kukupa yenye namba mpya. Hela zako zinabaki palepale.

Wenzetu wa Afrika Kusini yamewakuta. Benki ya posta ya kule, Postbank, ndiyo iliyokuwa ikipitisha fedha za serikali za wazee, walemavu na watoto. Desemba 2018 ufunguo mkuu wa benki ile, yaani tarakimu 36 zinazofungua siri za kadi zote, ulichapwa kwenye karatasi ya kawaida katika kituo cha kompyuta mjini Pretoria. Magazeti ya huko yaliandika Juni 2020 kwamba kati ya Machi na Desemba 2019 hela zilichotwa zaidi ya mara 25,000, jumla randi milioni 56, na nyingi zilitoka kwenye kadi za hao hao wanyonge. Walioshukiwa ni wafanyakazi wa ndani. Ikabidi kadi kama milioni 12 zibadilishwe, na gharama ikakadiriwa kupita randi bilioni moja. Karatasi moja tu, wenzangu!

Sasa nisije nikawasema wa mbali nikajisahau. Mnakumbuka mwaka wetu wa pili, sanduku lilipopungua shilingi 214,000 siku ya mgao. Wakati ule lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ninao mimi. Tulichanga kufidia, na wenzetu wawili wakajitoa kwa hasira. Lakini kuna jambo sikuwaambia. Mwezi mmoja kabla, ufunguo ule ulinipotea siku tatu. Siku ya nne nikaukuta dirishani. Nikasema moyoni, umepatikana, basi. Kufuli sikubadilisha, maana niliona haya kuomba hela ya kufuli nyingine. Nani aliuchukua, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba ufunguo ukishalala nje siku tatu si wako tena, hata ukirudi. Naomba radhi mbele yenu nyote. Wale wawili nimewafuata majumbani kwao wiki hii, nikawaambia hivi hivi. Mmoja amekuja leo, amekaa pale nyuma. Karibu sana, dada.

Ndiyo maana nasema, benki ikikuita kubadili kadi, usione usumbufu. Nenda wewe mwenyewe kwenye tawi na kitambulisho chako. Kadi ya zamani ikate kwa mkasi, upite katikati ya chipu na utepe. Namba mpya ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na usiiandike kwenye kanga wala nyuma ya kadi. Mjukuu asitumwe nayo. Na muwe macho: matapeli nao husikia kwamba kadi zinabadilishwa, wakapiga simu wakijifanya watu wa benki. Benki haikuulizi namba ya siri kwa simu. Anayeuliza ni mwizi, kata simu.

Sisi leo sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu. Napendekeza kwenye mkutano ujao tuandike katika katiba yetu: ufunguo ukipotea, hata kwa usiku mmoja, mwenye nao atoe taarifa siku ile ile, kufuli ibadilishwe, na asichekwe wala kulipishwa. Aibu yangu ilitugharimu zaidi ya bei ya kufuli.

Kinga ni bora kuliko tiba.