Jana Nani Kaigusa Seva? Kuhifadhi na Kuchunguza Kazi za Ansible kwa ARA



Lipo jibu ambalo sisi mafundi wa mifumo tunalitoa haraka kuliko kuitikia salamu. Simu inalia saa mbili asubuhi, mhasibu yuko upande wa pili: "Kaka, mfumo wa malipo haufunguki. Jana mligusa kitu?" Nawe, hata hujaketi vizuri, unajibu: "Hapana mama, hatujagusa chochote." Mimi nimewahi kulitoa jibu hilo kwa moyo mweupe kabisa, kumbe mhusika ni mimi.

Ofisi niliyokuwamo wakati huo ilikuwa na seva arobaini na kitu, zote zikisimamiwa kwa Ansible. Siku moja ya mshahara, seva ya kanzidata ya MySQL ilizidiwa. Kiwango chake cha kawaida ni miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na siku ile watu walikuwa wengi kuliko hapo. Mwenzangu akaingia kwenye seva kwa mkono, akapandisha namba hadi 400, mishahara ikatoka, tukaenda zetu nyumbani. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha kiolezo kilichokuwa kwenye Ansible.

Wiki nne baadaye, jioni, nikaendesha pleibuku yetu ya kila mwezi kutoka kwenye laptopu yangu. Ansible ikafanya ilichotumwa. Ikakuta faili la seva halifanani na kiolezo, ikaandika la kwake juu yake, kisha ikaizima na kuiwasha MySQL ili mabadiliko yashike. Muhtasari wa mwisho ukasema failed=0. Nikafunga laptopu.

Katika muhtasari uleule, mbele ya jina la seva moja, paliandikwa changed=2. Sikuiona. Na hata ningeiona ningeipita, maana rangi yake ni ya njano na macho yetu yamefundishwa kutafuta nyekundu. Kesho yake dirisha lilikuwa limeshafungwa na maandishi yamekwenda nalo. Tukapoteza nusu siku nzima tukiusumbua mtandao ambao haukuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, na ndio ninaoleta hapa: uendeshaji uliofaulu unahitaji kuhifadhiwa kuliko ulioshindwa. Ulioshindwa hupiga kelele na kila mtu huukimbilia palepale. Uliofaulu hupita kimya, na matatizo ya wiki ijayo huwa yamo humo.

Kwa nini Ansible haibaki na kitu

Michael DeHaan alipoitoa Ansible mwaka 2012, sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Husakinishi wakala wowote kwenye seva unazozisimamia. Inaingia kwa SSH, inafanya kazi yake kwa Python, inaondoka. Jina lenyewe limetoka kwenye riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1966, Rocannon's World, ambamo ansible ni chombo cha kuwasiliana papo kwa papo kati ya nyota na nyota. Red Hat waliinunua kampuni hiyo mwaka 2015, lakini tabia haikubadilika: mgeni anakuja, anatengeneza, anaaga. Wepesi huo tunaupenda sote, na huohuo ndio unaotuacha bila daftari.

Wapo watakaosema kuna log_path, unaweka mstari mmoja kwenye ansible.cfg na kila kitu kinaandikwa kwenye faili. Ni kweli, na kwa seva tatu inatosha. Kwa seva arobaini unapata gunia la maandishi ambamo majibu ya mashine hii yamechanganyika na ya mashine ile, na mtu wa kulichambua saa mbili asubuhi simu zikiendelea kulia simjui.

ARA ni karani

ARA ni kifupi cha "ARA Records Ansible". Herufi ya kwanza inarudi kwenye jina zima, utani wa waandishi wa programu ambao hauna mwisho. David Moreau Simard aliianzisha mwaka 2016 katika mazingira ya mradi wa OpenStack, ambako Ansible iliendeshwa mara nyingi kila siku kupima mabadiliko, na mtu alihitaji kujua ipi imekwama na wapi. Ni programu huria, leseni yake ni GPL toleo la 3.

Inavyofanya kazi si muujiza. Kila tukio linapotokea ndani ya Ansible (pleibuku imeanza, kazi imeanza, mashine fulani imejibu), Ansible huzijulisha programu-jalizi zinazosikiliza. ARA ni mojawapo. Inakaa pembeni kama karani wa kikao: haipigi kura, haibadilishi ajenda, inaandika. Inaandika nani aliendesha, kutoka mashine gani, kwa toleo lipi la Ansible, kazi ipo mstari wa ngapi, ilichukua muda gani, na kila mashine ilijibu nini. Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba inahifadhi pia maandishi ya pleibuku yenyewe kama yalivyokuwa saa ile. Ukiyabadilisha kesho, ya jana bado yapo.

Kuiweka ni kazi ya dakika chache: unaisakinisha kwa pip, unaieleza Ansible mahali ilipo programu-jalizi kwa kigeu kimoja cha mazingira, basi. Unaendelea kuandika ansible-playbook kama ulivyozoea. Bila mipangilio zaidi inaandika kwenye faili la SQLite lililo ndani ya folda yako ya nyumbani, na hakuna huduma inayopaswa kuwa hai muda wote. Unapotaka kusoma, unaandika ara playbook list, au unawasha ara-manage runserver na kufungua kivinjari. Kwa mtu mmoja inatosha. Kwa kikundi haitoshi, kwa sababu kumbukumbu iliyo kwenye laptopu yangu haikusaidii wewe nikiwa likizo. Hapo mnaweka seva moja ya ARA yenye PostgreSQL au MySQL, na kila laptopu inapeleka taarifa huko kupitia API.

Tulipoiweka ofisini, niliurudia mkasa ule makusudi kwenye seva ya majaribio. Nilipandisha namba kwa mkono, nikaendesha pleibuku, nikafunga dirisha, nikajifanya sijui kitu. Nikafungua ukurasa wa ARA, nikachuja kwa jina la seva na kwa hali ya "imebadilika". Kazi mbili zikatokea: kuandika faili la MySQL, na kuizima na kuiwasha. Nikabonyeza ya kwanza. Mstari uliotolewa: max_connections = 400. Mstari ulioingia: max_connections = 151. Saa, dakika, na jina langu juu yake. Mara ya kwanza jambo hilihili lilitula nusu siku.

Lakini mistari hiyo miwili haikuonekana bure. Niliendesha kwa kuongeza --diff. Bila hiyo ARA itakwambia faili limebadilika, ila haitakuonyesha lilibadilika nini, kwa kuwa hata Ansible haikumwambia karani. Wengi huiweka ARA, wakakuta haina undani walioutarajia, wakailaumu yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie AWX, mfumo wa kuendeshea Ansible ambao nao hutunza historia. AWX ni nzuri, lakini historia yake ni ya kazi zilizopitia kwake. ARA haijali umeanzia wapi: laptopu, cron, au mfumo wa kupima msimbo. Kwa upande wake haina kitufe cha kuanzisha kazi, na mimi naona ni heri hivyo.

Karani anayeandika hata siri

Hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo. Karani anayeandika kila kitu huandika na nywila. ARA imewekwa tangu mwanzo isihifadhi baadhi ya vitu, kwa mfano vigeu vya mazingira ya mashine na vile unavyovipitisha kwa --extra-vars. Lakini faili la vigeu lenye nywila iliyo wazi litaingia kwenye kanzidata kama lilivyo. Dawa mnazijua: faili lifungwe kwa ansible-vault, na kazi inayogusa siri iwekewe no_log: true.

Lingine ni mlango. Seva ya ARA, ukiiwasha bila kugusa mipangilio, haimuulizi mtu jina wala nywila, si kwa kusoma wala kwa kuandika. Kwenye laptopu yako hilo halina neno. Kwenye mtandao wa ofisi ni sawa na kubandika ramani ya seva zenu ukutani. Washeni ARA_READ_LOGIN_REQUIRED na ARA_WRITE_LOGIN_REQUIRED siku ileile ya kwanza, na muiweke nyuma ya nginx yenye cheti.

Kanzidata nayo hunenepa. Amri ya ara playbook prune hufuta yaliyopita siku 31, na haifuti kweli mpaka uongeze --confirm. Kwangu siku 31 ni chache. Kati ya mkono wa mwenzangu na simu ya mhasibu zilipita wiki nne, na kuchelewa kidogo tu kungetosha kupoteza kumbukumbu ya uendeshaji uliotangulia mkono huo. Sisi tunatunza miezi sita.

Na kuna kitu ARA haikioni kabisa: mtu aliyeingia kwenye seva mwenyewe. Alama yake tu ndiyo huonekana, pale pleibuku ambayo haikupaswa kubadilisha kitu inapobadilisha. Kwa hiyo kila usiku tunaendesha pleibuku zetu kwa --check --diff, ARA ikiandika. Hakuna kinachoguswa, lakini asubuhi kila "imebadilika" ni swali la kumuuliza mwenzako kabla mhasibu hajakuuliza wewe.

Kwa zoezi la mchana nimeandaa mashine tano. Moja nimeichezea kwa mkono juzi usiku. Mtapewa anwani ya seva ya ARA na majina ya kuingilia. Sitasema ni ipi.