Kodi ya Bilionea na ya Karani Wake

Mwaka 2011 Warren Buffett, bilionea wa Omaha, Marekani, aliandika kwamba alilipa kodi ya asilimia 17.4 ya mapato yake yanayotozwa, ilhali wastani wa wafanyakazi wa ofisini mwake ulikuwa asilimia 36. Hakuvunja sheria yoyote, na hapo ndipo penye kidonda. Mshahara hukatwa kabla haujafika mfukoni. Hisa hupanda thamani miaka nenda miaka rudi bila kutozwa hata senti mpaka ziuzwe. Tajiri mjanja haziuzi ng'o: huziweka rehani benki, akala mkopo, na mkopo hautozwi kodi ya mapato. Bunge la Washington linalijua tundu la mikopo hiyo, na limeliacha wazi.