Mshenga wa Leo ni Simu
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana)

Zamani kijana akitaka mchumba, alitumwa mshenga. Mshenga aliwajua wa kwetu na wa kwao. Leo vijana wetu wa Malindi, Watamu na Kilifi wanatafuta wachumba kwenye intaneti. Mshenga wao ni simu, na simu haimjui mtu. Kuwakataza hakufai, tuwafundishe kupiga hodi.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Taja jina lako na kazi yako ya kweli, hata kama ni kuuza samaki. Soma alichoandika, muulize jambo moja tu. Usiseme "nakupenda", hujamjua bado. Usidanganye umri. Usiombe pesa.

Na ukiombwa wewe je? M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitupunguzia safari, lakini pesa ikishatoka, kuirudisha ni kazi. Anayesema, "Nimekutumia zawadi, lipa ushuru kwanza," huyo si mchumba, ni mwizi. Akikutisha kwamba atasambaza picha zako za siri, nenda polisi. Sheria ya mwaka 2018 inamkataza.

Wazazi, tusiwacheke. Mtoto akituonyesha ujumbe, tuusome pamoja. Mshenga sasa ni sisi.

Jadilini kikundini: Kijana wako akiandikiwa na mtu asiyemjua, atamwambia nani?