Waranti ya Kifaa Kilichotoka Ng'ambo: Nani Anadaiwa?

(Mazungumzo na wanavikundi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Tunajua wengine wenu mmefunga vibanda, na saa moja ya kufunga kibanda ni pesa. Basi tuingie katika jambo lenyewe.

Karibu kila kikundi tunachokitembelea siku hizi, Kayole, Dandora, Umoja, hata kule Makadara, kina kompyuta yake. Wengine wanaweka hesabu za mikopo, wengine wanachapisha kadi za harusi na za mazishi, vijana wana saiba. Zamani kitabu cha hesabu kikilowa mvua tulikianika juani. Diski ya kompyuta haianikwi. Na hiyo diski, yaani kile chombo cha ndani kinachohifadhi kila mlichoandika, haikutengenezwa hapa. Imetengenezwa Thailand au China au Malaysia, pengine ikapitia Dubai, ndipo ikafika Luthuli Avenue mkainunua. Halafu siku moja inaanza kugonga tik-tik-tik, na kompyuta inakataa kuwaka.

Hapo watu wengi hukata tamaa. Husema, "Hii ni mali ya ng'ambo, tutamshika nani?" Leo tunataka kuwaambia kwamba yuko wa kushikwa. Waranti ni deni, na kila deni lina mdaiwa wake. Kazi ya kikundi ni kumjua mdaiwa kabla hakijatoa senti.

Tuanze na yaliyokipata kikundi kimoja cha vijana. Walinunua diski mpya katikati ya mji kwa shilingi 7,800. Kwenye pakiti imeandikwa waranti ya kimataifa, miaka 3. Mwezi wa tano ikafa. Wakarudi dukani. Mwenye duka akaitazama, akaigeuza, akawaambia, "Hii waranti si yangu, ni ya kampuni. Waandikieni huko kwao." Akawaonyesha risiti, pale chini palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Vijana wakatoka wameinama, wakaja kwetu kuuliza nauli ya kutuma kifurushi ng'ambo.

Sisi tukawaambia, ngojeni kwanza. Tusome sheria.

Katika Kenya kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya zamani sana, tangu wakati wa mkoloni. Inasema kwamba mtu anayefanya biashara ya kitu fulani akikuuzia kitu hicho, basi ni kama amekuahidi kwamba kinafaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaostahili, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Halafu Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika 2013, ikasema kwamba haki hizo hazifutwi na maneno ya mkataba. Kwa hiyo yale maandishi ya chini ya risiti, ndugu zangu, si ukuta. Ni maneno ya duka. Ukibadilisha mawazo tu kuhusu rangi ya kiatu, hapo mwenye duka ana haki ya kukukatalia. Lakini kitu kibovu ni jambo lingine kabisa.

Maana yake ni kwamba vijana hawa walikuwa na wadaiwa wawili. Kiwanda kilicho mbali kinadaiwa kwa sababu ya karatasi ya waranti. Mwenye duka wa Luthuli Avenue anadaiwa kwa sababu ya sheria ya nchi, na huyo hahitaji ndege. Ni matatu moja tu.

Wakaandika barua. Haikuwa ya matusi, maana matusi hayarudishi diski. Waliandika siku waliyonunua, bei, nambari ya siriali ya diski, kasoro yenyewe, na wanachotaka: wabadilishiwe au warudishiwe pesa katika siku 14. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakatia sahihi, wakapiga muhuri wa kikundi, wakabaki na nakala. Waliipeleka wawili, na wakamwomba mwenye duka atie sahihi kwamba ameipokea. Hilo la sahihi lilimfanya afikiri. Baada ya siku tisa akawapigia simu. Kumbe yeye naye hununua kwa wakala wa jumla hapa hapa Nairobi, na wakala ndiye mwenye njia ya kurudisha kiwandani. Njia ilikuwapo siku zote. Ilikuwa ni uvivu tu wa kuifuata.

Walingoja wiki tano. Diski waliyopewa haikuwa mpya kabisa, ilikuwa ile iliyotengenezwa upya kiwandani, na wengine walinung'unika. Hilo lazima mlijue mapema: waranti nyingi za viwanda huruhusu hivyo, na kwa kawaida kifaa cha badala humalizia muda wa waranti ya kwanza, hakianzi upya miaka mitatu. Kama mnataka kipya au pesa zenu, bishaneni na muuzaji kwa sheria ya hapa, msibishane na kiwanda.

Je, mwenye duka angekataa kabisa? Kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwezi wa Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mnaweza kujisemea wenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Kwa diski ya 7,800 labda mtaona ni usumbufu. Kwa kompyuta sita za kikundi si usumbufu.

Sasa tuje kwa wale ambao muuzaji wao hayuko hapa. Kuna mtu aliyeletewa kifaa na dada anayefanya kazi Dubai, au na rafiki wa parokia kutoka Ujerumani. Hapo mdaiwa aliye karibu hayupo, mnabaki na kiwanda. Na neno "kimataifa" lisiwadanganye. Kuna waranti inayotambuliwa popote duniani, na kuna inayotambuliwa tu katika eneo kifaa kilikouzwa. Nambari ya siriali ndiyo husema ukweli. Nendeni saiba, mfungue ukurasa wa kiwanda chenyewe katika intaneti, muandike nambari hiyo na jina la nchi. Jibu huja pale pale: waranti ipo mpaka tarehe fulani, au imekwisha, au "rudi kwa aliyekuuzia". Hilo la mwisho huwapata sana walionunua diski iliyochomolewa katika kompyuta ya kampuni nyingine. Kiwanda cha diski humwachia aliyeunda kompyuta. Na ikiwa nambari haijulikani kabisa, basi huenda mmeuziwa bandia, na hiyo ni habari ya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Kiwanda kikikubali, kitawapa nambari ya kurudishia. Msitume kitu bila nambari hiyo. Kifurushi kisicho nayo hukataliwa mlangoni. Iandikeni juu ya boksi. Diski iwekwe katika ule mfuko wake wa rangi ya fedha, kwa sababu hata stima ndogo ya mkononi mwako inaweza kuiumiza, kisha izungushiwe sponji nene pande zote. Magazeti ya kukunja hayatoshi. Mpigeni picha kifaa kabla ya kufunga. Na fundi wa mtaa asiifungue diski yenyewe, hata akiwa hodari namna gani. Kufungua kompyuta ni sawa, lakini diski ikifunguliwa waranti imekufa.

Gharama ya kwenda kwa kawaida ni yenu. Ya kurudi mara nyingi ni ya kiwanda, lakini ushuru hapa ni habari nyingine. Ofisa wa forodha huangalia thamani ya kitu kilichofika, si kama mlikilipia leo au mwaka jana. Bila karatasi anaweza kukiona ni kipya na kukitoza, na VAT peke yake ni asilimia 16. Kwa hiyo kabla ya kutuma, waulizeni watu wa forodha au kampuni inayowabebea kifurushi namna ya kuandikisha kwamba kinatoka kwa ajili ya waranti. Wekeni nakala ya barua ya kiwanda ndani ya boksi na nyingine mkononi.

Fanyeni hesabu hiyo yote kwanza. Kikundi kimoja cha kuwahudumia wagonjwa majumbani kiliifanya, na hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Diski yao ilikuwa zawadi kutoka Ujerumani. Kiwanda kilikubali waranti. Nauli ya kutuma ilifika nusu ya bei ya diski mpya. Hata hivyo nauli siyo iliyowasumbua. Ndani ya ile diski mlikuwa na majina ya wagonjwa wao, nyumba wanazokaa, dawa wanazokunywa, na ugonjwa wa kila mmoja. Diski iliyokufa huwezi kuifuta, kwa sababu kompyuta haiioni. Lakini fundi wa kiwandani mwenye vyombo vyake pengine anaweza kuisoma. Ukirudisha kifaa kwa waranti, hicho kifaa si chako tena.

Waligawanyika. Kijana mmoja alisema viwanda hufuta diski zote zinazorudi, na hakuna Mzungu anayejali nani anaumwa Kariobangi. Huenda ni kweli. Mama mmoja, mhudumu wa miaka mingi, akasimama akasema, "Hao watu walituambia mambo yao wakiwa kitandani. Walituambia sisi. Hawakukiambia kiwanda." Mkutano ukanyamaza.

Hata ofisini kwetu hatukukubaliana wote. Wengine waliona ni kupoteza mali ya kikundi kwa hofu. Lakini walio wengi tulisimama na yule mama, na sheria pia iko upande wake: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na anayeziweka ndiye anayejibu. Kikundi kikaamua kuacha waranti. Walichanga, wakanunua nyingine. Ile mbovu fundi aliitoboa kwa drili matundu matatu mbele ya kamati, na katibu akaandika katika kumbukumbu za mkutano. Diski ya kuchapishia kadi za harusi tungesema irudishwe bila wasiwasi. Ile, hapana.

Diski mpya waliifunga kwa neno la siri tangu siku ya kwanza, kwa programu inayochanganya maandishi yote hata mtu asiweze kuyasoma. Sasa ikifa wanaweza kuirudisha popote. Tena wana nakala mbili za kumbukumbu zao, moja ikikaa nje ya ofisi, kwa sababu kiwanda hurudisha diski na hakirudishi hesabu zenu.

Maswali yalikuwa mengi. Mmoja aliuliza juu ya kompyuta za Ex-UK, zile zilizotumika Ulaya. Hizo mara nyingi waranti ya kiwanda ilikwisha huko huko. "Waranti ya miezi sita" mnayoambiwa ni ya duka tu, basi iandikwe kwenye risiti, pamoja na nambari ya siriali na muhuri. Ahadi ya mdomo hatuwezi kuipeleka mahakamani kwa urahisi.

Mwingine aliuliza kama anaweza kutuma betri ya laptopu iliyofura kwa posta. Hapana. Betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kupakiwa ndege, inaweza kushika moto. Iondoe kwenye mashine, usiichome wala kuitoboa, iweke mahali penye hewa mbali na vitu vinavyowaka, na umwambie muuzaji aje na njia yake ya kuichukua.

Mama mmoja wa Umoja alikuja na risiti ya diski ya mwezi wa nne, wino umekwisha kabisa, karatasi nyeupe. Risiti hizi za mashine hufifia kwa joto. Pigeni fotokopi siku ile ile mnaponunua. Tumempa barua ya kupeleka dukani kuomba nakala.