Mti gani unapendwa na msumeno?

Haya ni mazungumzo tuliyofanya na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, penye mashine ya mbao. Tumeyaandika kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika siku hiyo.

  Tunajua wengine mmeanza safari kabla ya jua, na kuna mama hapa amekuja na mtoto mgongoni. Leo hatukutaka kuwaweka ukumbini tuwasomee karatasi. Tumewaita hapa, trekta likiwa limezimwa kidogo, ili mambo tunayosema muyaone kwa macho na kuyashika kwa mikono. Fundi mwenyewe yupo. Tukikosea atatusahihisha, na tayari ameshatusahihisha mara mbili asubuhi hii.

Sababu ya kikao ni hii. Vikundi vimekuja ofisini kwetu, kimoja baada ya kingine, na lalamiko moja: tumeuza miti, pesa zimekwisha, na hatuoni kitu tulichofanya. Tukiuliza waliuzaje, jibu ni lile lile. Broka alifika, akazunguka shamba, akautazama mti kwa jicho, akataja bei. Na sisi kwa sababu karo inadaiwa, tukasema sawa. Hali hii ilizidi baada ya Februari 2018, serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Wafanyabiashara wa mbao waligeuza macho wakaangalia mashamba yetu. Mwaka 2023 Rais alitangaza kuondoa marufuku hiyo, lakini mabroka walikuwa wamekwisha kujua njia za kuja kwetu, na hawajazisahau.

Basi tuanze na kamba. Kila mmoja wenu ana kamba nyumbani, hata ya kufungia mbuzi. Zungusha kwenye shina, usawa wa kifua, halafu pima ile kamba. Tuseme mti mmoja umezunguka futi tatu, na wa pili futi sita, urefu wao ni sawa. Broka atakuambia wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, akulipe mara mbili, na wewe utamshukuru. Lakini huo wa pili una mbao mara nne! Kama hamwamini, chora duara mbili hapa mchangani, moja upana mara mbili ya nyingine, mjaribu kuijaza ile kubwa kwa ile ndogo. Tena mti mnene hupoteza kidogo kwa mabanzi, kwa hiyo faida yake inazidi hata hizo nne. Mti mwembamba nusu yake ni mabanzi ya kuni na vumbi.

Sasa tumuulize fundi: ukiletewa magogo ya kila aina, unafurahia lipi?

Amesema sipresi, bila kufikiri. Tukamuuliza kwa nini. Anasema gogo la sipresi limenyooka, ni laini kwa meno ya msumeno, harufu yake ni nzuri siku nzima, na mbao inakauka upesi bila fujo. Seremala naye anaipenda kwa sababu inakubali msumari. Lakini amesema pia, "Ile iliyokatwa matawi mapema." Hapo ndipo penye maneno. Angalieni mbao hizi mbili. Zote ni sipresi, zote futi kumi. Hii ina vifundo vidogo vilivyoshikana na mbao. Hii nyingine ina vifundo vyeusi, na kimoja tukikigonga kwa kidole kinaanguka, kinabaki tundu. Tawi lilikufa likiwa kwenye mti, na mti ukaendelea kunenepa ukalimeza likiwa limekufa. Mwenye shamba hakulikata lilipokuwa jembamba kama kidole gumba. Mbao ya kwanza itakuwa kabati. Ya pili itakwenda kwa mjenzi wa kumimina zege, kwa bei ya kutupa. Mti ni ule ule, kosa lilifanyika miaka kumi na mitano iliyopita kwa sababu mtu alikosa nusu siku na panga kali. Na tukikata tawi tulikate karibu na shina, tusiache kipande kimetokeza kama kigingi cha kutundikia sufuria.

Wazee mtakumbuka mwaka 1990 na baada yake, wale wadudu wadogo walioingia Kenya wakakausha sipresi nyingi na nyua zetu. Kuna waliong'oa wakaapa hawatapanda tena. Hatuwalaumu. Tunachosema ni kwamba usijaze shamba zima kwa mti wa aina moja.

Mti wa pili ndio huu wetu, grevilea, mukima, wengine mnauita mubariti. Asili yake ni Australia, uliletwa kwa ajili ya kivuli cha chai na kahawa, na sasa toka Embu hadi Meru huwezi kutupa jiwe usiupige. Fundi anasema ni mti mzuri wa kupasua. Mbao yake ina madoa ya kupendeza kama kitambaa cha lesi, hasa ikipasuliwa kupitia moyoni. Ubaya wake ni kuwasha. Vijana wanaoshika mbao mbichi za grevilea hupata vipele mikononi na shingoni. Kwa hiyo shati la mikono mirefu, na kunawa kwa sabuni kabla ya kwenda kula.

Lakini kuhusu grevilea tuna jambo la kukiri mbele yenu, na akina mama wa kikundi kile wako hapa, wametupa ruhusa tuliseme. Walikuwa na grevilea tisa mpakani, na walitaka tangi la maji. Broka alitoa bei, sisi wa ofisi tukawaambia, hapana, msiuze miti, pasueni muuze mbao. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Tulilosahau ni kwenda kuangalia miti. Miti ya mpakani, ndugu zetu, ndiyo nguzo ya seng'enge, ndiyo kamba ya nguo, ndiyo ubao wa matangazo wakati wa uchaguzi. Gogo la tatu liliingia mezani, tukasikia mlio ambao hatutausahau, cheche zikaruka, na meno kadhaa ya msumeno yakaenda. Bahati hakuna aliyeumia. Ulikuwa msumari wa seng'enge uliopigwa na marehemu mume wa mmoja wao, umezama ndani inchi nne. Fundi alidai gharama ya msumeno, na alikuwa na haki. Kisha mbao zilizopatikana tukaziacha zimelala chini juani, moja juu ya nyingine. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimepinda kama ngozi ya mbuzi. Mnunuzi akachagua chache, nyingine akaziacha. Tangi halikununuliwa mwaka ule. Akina mama waliendelea kushuka mtoni na mitungi, na sisi tuliwapita njiani tukiwa kwenye pikipiki ya ofisi. Hatukuwa na la kusema.

Mwaka uliofuata walikuwa na magogo manne yaliyobaki. Safari hii tulikwenda pamoja. Tuliuliza wazee wa boma seng'enge ilipita wapi. Tuliangalia gome pale lilipovimba au kukunjika kama kovu. Tulikata futi nne za chini, pale penye misumari, zikawa kuni. Inauma kuacha sehemu nene kuliko zote, lakini msumeno unagharimu zaidi. Na kwenye mti kama mkalitusi, ukiona doa jeusi kama wino kichwani mwa gogo, shuku chuma mara moja.

Vichwa vya magogo tulivipaka rangi ya mafuta iliyobaki shuleni ili visipasuke. Mbao tulizipanga kivulini, zimeinuliwa juu ya mawe, na kati ya safu na safu vijiti vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili. Vijiti vyote vikae mstari mmoja toka chini hadi juu. Kimoja kikihama, mbao itapinda pale pale. Juu tukaweka mawe mazito. Zilikaa hivyo kama miezi mitatu. Mbao za magogo manne ziliuzwa kwa pesa nyingi kuliko zile za magogo matano ya kwanza. Tangi liko, mnaweza kwenda kuliona.

Mkalitusi je? Tumeona vijana wanacheka, kwa sababu kila mtu ameupanda. Fundi haupendi, na sababu yake si ugumu tu. Mkalitusi unaokua mbio huwa umejikaza ndani kama kamba iliyovutwa. Ukiukata, kichwa cha gogo kinapasuka hapo hapo, na mbao ikitoka msumenoni inaruka na kupinda kama upinde. Hushika hata msumeno. Fundi anayejua hupasua kidogo upande huu, anageuza gogo, anapasua upande wa pili, ili mti uachie nguvu zake pole pole. Anayetaka kumaliza haraka atatoa mbao za kuchoma. Ushauri wetu: mkalitusi mwembamba ulionyooka uza kama nguzo, fito na kuni, huko ndiko una bei. Upasue tu ukiwa mnene, na kwa fundi mwenye subira. Na usiupande karibu na kisima. Wazee hawakuuita munyua maai bure.

Paini tutapita haraka kwa sababu wachache wenu mnayo. Ni laini, inanyooka, lakini utomvu wake unagandamana kwenye msumeno na fundi anausafisha kwa mafuta ya taa. Usiiache gogo likalala majumaa, itaingia rangi ya buluu.

Muringa ni habari nyingine. Hapa fundi alikaa chini kwanza ndipo akasema. Muringa unakatika vizuri, moyo wake ni wa rangi ya kahawia yenye wekundu, hautikisiki ukishakauka, na seremala wa viti na makabati atakuja mwenyewe kuufuata nyumbani. Ndio mti wa mizinga ya nyuki na vinu vya kutwangia tangu zamani. Taabu yake ni shina fupi lenye kupinda. Basi usilazimishe mbao za futi kumi na mbili, kata magogo ya futi nne au tano, kiti hakihitaji zaidi. Muuru, ambao wauzaji wanauita Meru oak, nao ni wa daraja hilo hilo, ila unahitaji subira ya mtu anayepandia wajukuu. Miti hii ya kienyeji usiikate kabla hujauliza ofisi ya misitu. Na mbao yoyote ikipanda gari bila kibali cha kusafirisha kutoka Huduma ya Misitu, itashikwa njiani, na hasara ni yenu, si ya dereva.

Kwa ndugu zetu wa sehemu kavu, Mbeere, Tharaka na Kitui, ninyi mna mukau. Mchwa hawaupendi, na kwenye ukame unaendelea kukua. Mbegu yake ni ngumu kutoa kwenye kokwa, ndiyo maana miche ni adimu. Watafiti wa KEFRI pale Kitui wameushughulikia miaka mingi, waendeeni.

Neno moja juu ya misumeno. Msumeno wa mnyororo, ule wa kubeba mkononi, hula karibu milimita tisa kila ukipita. Ukipita mara tatu, umekula inchi nzima, yaani mbao moja imekwenda kuwa vumbi. Tena mkono unatetemeka, mbao upande huu ni nene na upande ule nyembamba. Huu wa duara hapa mezani hula kama milimita sita. Ule wa mkanda hula mbili au tatu tu, ila ni ghali na ni wachache. Kama gogo linaweza kuvutwa na ng'ombe hadi hapa, lilete hapa.

Kulikuwa na maswali mengi. Mmoja aliuliza kuhusu mparachichi uliozeeka, fundi akasema unapasulika, mbao ni dhaifu na hubadilika rangi upesi, utafaa masanduku ya matunda. Kisha akasimama mama mmoja mzee. Ana muringa tatu kati ya kahawa, zilizopandwa na mumewe, na mjukuu ameitwa chuo. Broka amempa bei ya zote tatu kwa pamoja, na anamtaka ajibu kabla ya Jumapili. Tukamuuliza, kamba inazunguka kiasi gani? Hakujua. Fundi akamwambia, "Mama, usimjibu. Alhamisi nitapita na kamba. Labda mmoja tu utatosha." Tulikubaliana pia kwamba mmoja wetu atakwenda naye ofisi ya misitu. Mama akasema sawa, lakini ule ulio karibu na mlango hautakatwa, hata kamba isizungushwe.