Ajira Imelala Mtaroni

Msikilizaji, kila bajeti inaposomwa Dodoma mwezi Juni, kuna sentensi moja isiyokosekana: mradi huu wa barabara utazalisha ajira. Sibishi. Ninachouliza leo ni ajira ya nani, ya muda gani, na kitabaki nini mkandarasi akishavunja kambi. Na kama kuna mahali pazuri pa kuulizia hayo, ni Makambako, hapa mkoani Njombe.

Makambako ni mji wa njia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina stesheni yake hapo. Reli hiyo ilianza kujengwa Oktoba 1970, na kipande cha kutoka Mlimba kupandisha hadi Makambako, kama kilomita 157, ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote: kati ya mahandaki 22 ya reli nzima, 18 yako huko. Kazi ilipopamba moto mwaka 1972, inakadiriwa Watanzania na Wazambia 38,000 walikuwa kazini, pamoja na Wachina 13,500. Hizo ndizo hesabu ambazo wanasiasa wanazipenda. Watu wengi, kwa mpigo, wenye sururu mkononi.

Mwaka 1976 reli ikakabidhiwa, na yale maelfu yakatawanyika. Kilichoulisha mji wa Makambako baada ya hapo si ujenzi, ni mzigo. Tembea pale mjini leo uone nani ana kazi: fundi wa matairi, mama lishe, mpakiaji wa magunia, mwenye gesti, muuza vipuri, mwenye duka la jumla, kijana anayemuuzia maji dereva aliye kwenye foleni ya mizani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandikwa kwenye mradi wowote kuwa ni "ajira iliyozalishwa". Wapo kwa sababu magari yanapita.

Na mzigo ukihama, hao wote wanahama nao. TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Mahandaki yapo, madaraja yapo, lakini mzigo uko barabarani kwenye malori. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuifufua reli hiyo, na uwekezaji unaotajwa ni dola bilioni 1.4. Naitakia heri. Ila wakija kutuhesabia faida, watuhesabie tani, siyo idadi ya watu waliovaa vizibao vya njano wakati wa ukarabati.

Wazee wa Njombe wanakumbuka pia kwamba njia inaweza kuondoa watu badala ya kuwaletea kazi. Enzi za mkoloni, wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, waliandikisha vijana wa huku na kuwasafirisha hadi Tanga, wakaitwa manamba. Njia zilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ziliwachukua.

Sasa tuingie mashambani. Njombe inalima viazi mviringo, parachichi, chai, mahindi, na inapasua mbao. Barabara kuu za lami tunazo. Ile ya Makambako hadi Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na bado ndiyo uti wa mgongo wa biashara yetu. Shida iko kwenye zile kilomita chache za mwisho, kutoka shambani hadi kwenye lami. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Viazi vya msimu mkubwa vinakomaa humo humo kwenye mvua. Yaani mzigo unakuwa tayari wakati barabara imekufa.

Picha yenyewe ni hii. Fuso limeingia kijijini kuchukua viazi, limefungwa minyororo kwenye matairi ya nyuma, na bado limezama hadi ekseli. Vijana wanafika na majembe. Hawagusi gari kwanza. Wanapatana bei na dereva. Akikubali, ndipo wanachimba, wanatandika matawi, wanasukuma, tope linawarukia hadi usoni. Dereva analipa, lakini msidhani hasara ni yake. Dalali safari ijayo anapunguza bei ya shambani, na gunia la lumbesa linapandishwa kilemba kidogo zaidi. Anayewalipa wale wasukumaji, mwisho wa yote, ni mama aliyelima viazi.

Na hiyo nayo, msikilizaji, ni ajira itokanayo na barabara. Mtaalamu akija na dodoso lake ataihesabu.

Kwenye chai mambo ni mabaya zaidi. Jani bichi likishachumwa Lupembe linatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo, vinginevyo linaungua ndani ya gunia. Viazi vinaweza kumngoja dereva siku mbili. Jani halingoji.

Kwa hiyo fedha za serikali ziende wapi? Mimi nasema ziende kwanza kwenye mitaro. Najua haina mvuto. Hakuna kiongozi anayekata utepe kwenye kalavati lililozibuliwa. Lakini angalieni barabara ya changarawe inavyokufa. Greda linapita Agosti, kiangazi, barabara inapendeza kama meza. Ikiwa kama meza, tayari kuna kosa, maana barabara inatakiwa iwe na mgongo ili maji yateremke pembeni. Desemba mvua inakuta mitaro imejaa udongo na majani, maji yanakosa pa kwenda, yanashika katikati ya barabara na kuchimba korongo. Februari mnaitisha greda lingine. Pesa ya greda ni dizeli na vipuri, na vyote vinatoka nje ya nchi. Pesa ya mtaro ni mshahara wa mtu mwenye koleo, na mtu huyo ataitumia gulioni.

Lami nayo inakuja kwa meli. Ndiyo maana nilifurahi kuona barabara ya kwenda Ludewa, kwenye ile milima yenye mvua na ukungu, ikijengwa kwa zege. Zege linastahimili malori mazito, na huko ndiko kuliko makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Tena saruji tunasaga wenyewe. Kiwanda kipo Songwe, Mbeya, si mbali.

Fedha za matengenezo zipo, ingawa hazitoshi. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bodaboda wa Uwemba, hapa Njombe, anachangia kila anapojaza tangi, na ana haki ya kuuliza shilingi yake imezibua mtaro upi.

Kenya walishawahi kulijaribu jambo hili la kumlipa mwenye koleo. Mwaka 1974 walianzisha mpango wa barabara za vijijini zilizojengwa kwa nguvu za watu, majembe na matoroli. Barabara ikikamilika, mwanakijiji anayeishi kando yake alipewa kilomita moja na nusu au mbili za kutunza, akilipwa kwa siku kama tatu za wiki. Mara nyingi alikuwa ni yule yule aliyeijenga. Siku zilizobaki analima shamba lake. Ajira ndogo, ya kudumu, isiyomhamisha mtu kwake. Hapa kwetu ujuzi si tatizo: Mbeya kuna chuo cha Wizara ya Ujenzi, kilichojulikana kama ATTI, kinachofundisha barabara kwa teknolojia ya nguvu kazi.

Hata sheria iko upande wetu. Ununuzi wa umma unatengewa asilimia 30 kwa vikundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi, kikundi cha akina mama wa Uwemba kinaweza kupata zabuni ya kufyeka na kuzibua. Ila zabuni siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Inatakiwa kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na namba ya mlipa kodi, akaunti ya benki, intaneti, na mtu wa kukaa kwenye kompyuta. Halafu zabuni yenyewe ikiunganishwa kilomita 40 kwa mpigo, mwenye koleo ameshatolewa nje kabla hajabisha hodi.

TARURA wanaweza kuikata kazi hiyo vipande vya kilomita tano tano. Halmashauri zinazotoa mikopo kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, mikopo ambayo kwa vijana huishia kwenye bodaboda nyingine, zinaweza kukopesha mashine za kufyekea na matoroli. Na afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwenye simu janja na bando, anaweza kukaa na kikundi asubuhi moja akakisajili kwenye mfumo kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Mitaro inatakiwa iwe wazi kabla ya Novemba.