Mita 180 za Kampemba: hesabu ya ukungu katika kupanga mji

Kifungu cha 279 cha Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002 kilikuwa na namba rahisi kukumbuka: mita 180. Ndani ya umbali huo kutoka kwenye majengo, mwenye kibali cha madini hakuruhusiwa kushika ardhi bila ridhaa ya wanaohusika. Namba ya aina hiyo humfaa hakimu. Humfaa pia mpima ardhi, ambaye huvuta kamba yake, akaandika, akaenda zake. Kwa mama anayeanika nguo nje ya nyumba yake karibu na ukuta wa kiwanda, haijibu kitu. Nyumba ya mita 179 imo katika sheria, ya mita 181 imetoka, na vumbi linalotua juu ya malata ya nyumba zote mbili ni lile lile.

Sheria hiyo iliandikwa kwa kufikiria machimbo, lakini shida yake inaonekana wazi zaidi mjini, katika komine ya Kampemba huko Lubumbashi. Kampemba ndiyo yenye eneo la viwanda la mji huo, na ndiyo yenye makartie kama Bel-Air, Kigoma, Bongonga na Tshamilemba. Viwanda na makazi vimekaa bega kwa bega. Kiwanda cha Usoke cha kampuni ya Chemaf, kinachochakata shaba na kobalti, kina majirani wanaopika, wanaolima lengalenga na wanaochota maji ya kisima. Wakazi wa Tshamilemba wamelalamikia maji machafu na hewa kwa miaka mingi. Watafiti wamepima mashapo ya bonde la mto Naviundu, unaopita upande huo wa mji, na metali walizozikuta humo si za kupuuzwa.

Swali la mhadhara huu ni hili: mji unapolazimika kuamua wapi pajengwe, wapi pasilimwe na wapi paachwe wazi, ufanye hesabu gani, ikiwa vipimo vyake havina mpaka mkali na wakazi wake hawataki kitu kimoja?

Lubumbashi ina historia ndefu ya mipaka mikali. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na katika miaka ya 1920 watawala wa Kibelgiji waliacha ukanda mtupu wa mita 700 hivi kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, yale yanayoitwa leo Kamalondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mbu hakupewa ramani, na mstari huo uliwahudumia zaidi waliouchora.

Moshi nao ulikwenda njia yake. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière du Haut-Katanga kilianza kazi mwaka 1911, na kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa Lubumbashi hutoka kusini mashariki. Kwa miongo mingi dioksidi ya salfa na vumbi la metali vilipelekwa kaskazini magharibi, mpaka ardhi ya upande huo ikapoteza miti yake na mahali pengine ikabaki wazi kabisa, kama pale Penga Penga. Wanasayansi huliita eneo hilo koni ya uchafuzi. Ukitembea kutoka ndani yake kwenda nje hutaona mahali linapoishia: udongo mtupu, kisha nyasi chache, kisha vichaka, kisha mwembe wa kwanza. Anayetaka kuuliza kama parseli yake imechafuka au la anauliza swali ambalo ardhi yenyewe hailijibu kwa ndiyo au hapana.

Hapo ndipo anapoingia Lotfi Zadeh. Alizaliwa Baku mwaka 1921, akawa profesa wa uhandisi wa umeme huko Berkeley, California, na mwaka 1965 akachapisha makala fupi juu ya seti ambazo kitu kinaweza kuwamo kwa kiasi. Katika hisabati ya kawaida kitu kimo au hakimo, 1 au 0. Katika seti ya ukungu, kama inavyoweza kuitwa, kitu kinaweza kuwamo kwa 0.3 au kwa 0.85. Wengi walimcheka. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai, Japani, zilianza kuongeza mwendo na kufunga breki kwa kanuni zilizotokana na makala hiyo, na kicheko kikapungua.

Maji ya kunywa ni mfano ulio karibu na Kampemba kuliko treni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha aseniki kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na lenyewe linakiita kikomo cha muda, kwa sababu kupima na kuondoa aseniki chini ya hapo ni kazi ngumu. Je, kisima chenye mikrogramu 9 ni salama na chenye 11 ni sumu? Hakuna daktari atakayeapa hivyo. Hesabu ya ukungu inaruhusu kusema kwamba kisima cha kwanza kimo katika seti ya visima vya hatari kwa kiasi fulani, cha pili kwa kiasi kilichozidi kidogo, na chenye mikrogramu 40 kimo kabisa.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu zaidi ya 350 wa Katanga. Waliwalinganisha wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye machimbo au viwanda, wanaoishi kati ya kilomita 3 na 10, na wanaoishi mbali kabisa. Viwango vya kobalti vya walio karibu vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi viwandani. Hata hapo mstari wa kilomita 3 ulichorwa kwa haja ya takwimu; mwili wa mtoto wa kilomita 2.9 hauna habari nao.

Kipimo kimoja, hata kikiwa na ukungu, hakitoshi kupanga mji. Kuna afya, kuna kipato cha wenye nyumba, kuna gharama, kuna kodi ya mkoa, kuna mto. Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul aliyefundisha Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1970 njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 mpaka 9: hiki ni muhimu sawa na kile, au zaidi kidogo, au zaidi sana. Mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za njia hiyo ilifanyika Afrika, katika mpango wa usafirishaji wa Sudan. Mwaka 1983 van Laarhoven na Pedrycz wakaiunganisha na Zadeh: badala ya kumlazimisha mtu aseme 5, wakamruhusu aseme “kama 5, si chini ya 3, si juu ya 7”. Hiyo huitwa namba ya pembetatu, yenye ncha ya chini, ya kati na ya juu.

Mfano wa kubuni utasaidia. Tuseme kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta wa kiwanda na nyumba za kwanza. Pendekezo la kwanza ni kukikata parseli na kuziuza. La pili ni kukifanya bustani za mboga. La tatu ni kupanda ukanda wa nyasi na miti na kuuzungushia uzio. Vigezo ni vitatu, kila kimoja kwa alama 0 mpaka 10: afya, kipato na unafuu wa gharama. Parseli zipate 1, 9 na 8. Bustani 2, 5 na 7. Nyasi 8, 3 na 5. Uzito wa afya ukiwa 0.3, wa kipato 0.4 na wa gharama 0.3, parseli zinapata 6.3, nyasi 5.1, bustani 4.7. Afya ikipandishwa hadi 0.5, kipato kikawa 0.3 na gharama 0.2, nyasi zinapanda hadi 5.9 na parseli zinashuka hadi 4.8.

Tazama kilichotokea. Ardhi haikubadilika, sumu haikubadilika; walibadilika waliopanga uzito. Ripoti nyingi za washauri huonyesha jedwali la mwisho tu, na uzito huo ukafichwa katika kiambatisho ambacho hakuna diwani anayekifungua.

Sasa ukungu uingie. Alama ya afya ya parseli isiwe 1 bali kati ya 0 na 4, kipato kati ya 7 na 10, gharama kati ya 6 na 9. Kwa uzito ule wa kwanza, jumla ya parseli haiwi tena 6.3 bali inaenea kutoka 4.6 hadi 7.9. Ya nyasi, kwa afya kati ya 6 na 9, kipato kati ya 2 na 5 na gharama kati ya 3 na 7, inaenea kutoka 3.5 hadi 6.8. Ushindi uliokuwa dhahiri umegeuka kuwa mapande mawili yanayolaliana. Afisa anayetaka jibu la haraka atachukia, lakini matokeo hayo ni ya kweli kuliko 6.3, kwa sababu yanaonyesha kwamba vipimo vilivyopo havitoshi kuuza parseli hizo kwa moyo mkunjufu.

Kuna tatizo zito zaidi, na hapa wapenzi wengi wa mbinu hizi hupita haraka. Kujumlisha alama kunaruhusu kipato kuilipia afya. Parseli zenye alama 1 ya afya zinaweza kushinda kwa kuwa zinaleta fedha, kana kwamba risasi iliyomo katika damu ya mtoto hufutwa na ankara iliyolipwa. Bernard Roy, mwanahisabati wa Ufaransa, aliliona hilo tangu miaka ya 1960 alipobuni jamii ya mbinu zinazoitwa ELECTRE. Katika ELECTRE III, ya mwaka 1978, pendekezo halijumlishwi. Linalinganishwa na lingine kigezo kwa kigezo, kwa uhusiano wenye ukungu, na kila kigezo kinaweza kupewa kura ya turufu. Tukiweka turufu ya afya kwenye tofauti ya alama 5, parseli zilizoachwa nyuma na nyasi kwa alama 7 haziwezi kutangazwa kuwa bora kuliko nyasi, fedha ziwe nyingi kiasi gani. Kwa mji wenye viwanda vya metali kati ya nyumba, mbinu isiyo na turufu haifai kuletwa mezani.

Wapinzani wapo, na mmoja wao ni Saaty mwenyewe. Mwaka 2007, pamoja na Liem Tran, aliandika kwamba kutia ukungu katika hukumu za kulinganisha hakuzifanyi kuwa sahihi zaidi, kwani hukumu hizo zina ukungu tayari. Mwaka uliofuata Wang na wenzake walionyesha kwamba njia mojawapo inayotumiwa sana, ya Chang ya mwaka 1996, inaweza kukipa kigezo halali uzito wa sifuri. Onyo hilo si la wanahisabati peke yao: afya ya Tshamilemba inaweza kupotea ndani ya programu ya kompyuta bila mtu yeyote kuamua kuipoteza. Na ukungu ukitumiwa na mjanja huwa pazia zuri. Kila kitu kikiwa “kwa kiasi”, hakuna anayewajibika.

Ndiyo maana wanaoulizwa ni jambo kubwa kuliko fomula. Kipimo cha Saaty kinajazwa kwa mahojiano, na mahojiano hayo mara nyingi hufanyika kwa Kifaransa, ofisini, pamoja na wahandisi. Mama muuza mboga wa Bongonga ana makadirio yake ya mbali na karibu, ya mvua inayopandisha maji na isiyopandisha, na anayatoa bila shida akiulizwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hesabu ya ukungu inaweza kuyapokea jinsi alivyoyasema, na pengine huo ndio ubora wake mkubwa hapa.

Pendekezo la nyasi, kwa upande wake, halikutungwa hewani. Katika kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wamejaribu Microchloa altera, nyasi ya asili ya vilima vya shaba vya Katanga, kwenye udongo wa Penga Penga. Nyasi hiyo huvumilia metali na huushika udongo usipeperuke, hasa ukitiwa chokaa na mboji. Haiondoi sumu. Inaizuia isitembee, na inahitaji miaka, uzio, na mtu wa kuwazuia watu wasilime.

Mapema Novemba 2025 maji ya kiwanda cha Congo Dongfang Mining yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi, ikiwemo Kasapa na Kamatete, na waziri wa madini Louis Watum Kabamba akasimamisha shughuli za kampuni hiyo kwa miezi 3. Baada ya maji kumwagika hakuna haja ya vigezo vingi. Ni amri tu. Hesabu inayozungumzwa hapa ina nafasi kabla yake, katika faili la athari za mazingira, wakati bwawa la maji ya kiwanda bado ni mchoro na kura ya turufu inaweza kuandikwa kabla jina la kampuni halijajulikana.

Kampemba inaweza kuanzia visimani, kwa kuvipima mwishoni mwa kiangazi, mwezi Oktoba, na tena Februari mvua zikiwa zimeshiba. Namba ya pembetatu inahitaji ncha tatu, na kwa visima vilivyo kando ya Naviundu kipimo kimoja cha msimu wa ukavu hakiwezi kuonyesha ncha ya chini na ya juu kwa pamoja.